Kinyozi wa Nusu Kichwa

Kinyozi huyu alikuwa na mkono mwepesi. Hata waliomkasirikia hawakulikana hilo. Wembe wake ulipita shavuni mtu asijue umepita, na watoto waliolia kwa vinyozi wengine walisinzia kwake. Shida yake haikuwa mkono. Shida yake ilikuwa miguu, maana haikutulia palipokuwa na mteja.

Duka lake lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu kilichoanza kuota madoa pembeni, benchi la kusubiria, na feni iliyonung'unika kila ilipogeukia kushoto. Cha nyuma, ng'ambo ya pazia zito la plastiki, ndimo lilimokuwa penzi lake: mashine ya kuchonga mbao inayoendeshwa na kompyuta, kubwa kama meza ya kulia chakula, aliyoiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Ilitembea juu ya reli za alumini, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, na katikati yake ilining'inia mota nzito iliyozungusha biti ya kukatia. Mota hiyo aliiita kichwa. Mkewe alikuwa akisema mumewe ana vichwa vya aina mbili, vya mbele vya kumlisha na kimoja cha nyuma cha kumtia wazimu.

Alianza kwa kuchonga kibao cha jina la duka. Mteja mmoja akakipenda, akataka cha kwake. Mwingine akataka sinia. Zikafuata fremu za picha, migongo ya viti, mbao za kichwani mwa vitanda zenye maua na majina ya wenyewe. Kabla hajajua, kazi ya nyuma ya pazia ilikuwa inashindana na ya mbele, na yeye yuko katikati kama mtu aliyekanyaga mitumbwi miwili.

Maana ua la mbao, hata liwe dogo vipi, halichongwi kwa biti moja. Ipo biti nene ya kuondoa mbao nyingi kwa haraka, ipo yenye ncha ya mviringo ya kulainisha mikunjo, ipo iliyochongoka ya kuandikia herufi. Mashine ikimaliza kazi ya biti moja ilisimama na kulia tiii, tiii, kama mtoto aliyeamka akakuta nyumba tupu, na haikusogea hata kidogo mpaka mtu aje na spana mbili, alegeze nati, atoe biti, atie nyingine, akaze, kisha ateleze kipande cha karatasi chini ya ncha ili apime imefika wapi. Mtu huyo alikuwa kinyozi. Na saa hiyo kinyozi alikuwa mbele, ameshika kichwa cha mtu.

"Dakika moja tu, kaka," alisema, na pazia likamfunika.

Dakika zake kila mtu alizijua. Mteja alibaki anajitazama kiooni, upande mmoja umenyooka kama uwanja, upande mwingine kichaka. Wengine walichungulia nyuma ya pazia na shuka shingoni. Mmoja alitoka vilevile akaenda kununua vocha, akarudi, akakuta bado. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Nusu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Nusu."

"Basi tutaonana kesho."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilipakana na chumba cha mashine. Yeye hakumwita Nusu. Alimwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokuwa chuo mji mwingine, naye akaitwa Mama Pacha. Kila tiii ilipenya ukutani ikamfikia kabla ya kumfikia mwenyewe. Mara nyingi, akisikia imelia mno, aliweka nguo chini, akaingia na uzi mdomoni, akabadilisha biti mwenyewe, akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa mwanamke mvumilivu. Lakini uvumilivu wake ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa baba yake mzazi.

Baba mkwe alikuwa mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya polisi. Alitembea wima kama aliyemeza ufagio, aliongea kwa kituo, na juu ya mdomo wake alifuga masharubu ambayo watu wa bendi waliyajua kuliko jina lake. Wakati huo bendi ilikuwa imewaalika wastaafu wake wote kwenye sherehe ya kukutana, na mzee akaja asubuhi kwa mkwewe kujipamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yapunguze, lakini kwa heshima. Pande zote mbili zilingane kama jeshi kwenye paredi."

Kinyozi akamlaza kitini, akamfunika macho kwa taulo la moto, akaanza upande wa kushoto. Aliyachonga masharubu yale kwa mkasi mdogo, unywele kwa unywele, mpaka yakawa mstari mwembamba wa kupendeza. Alipoinua mkasi kwenda kulia, nyuma ya pazia mashine ikalia tiii, tiii.

"Dakika moja tu, baba."

Siku hiyo nati iligoma. Kinyozi akaning'inia kwenye spana, akatukana kimoyomoyo, akatia mafuta, akaning'inia tena. Huku mbele gari likapiga honi. Walikuwa wenzake mzee, wamempitia. Baba mkwe aliyekuwa ameanza kuota akashtuka, akajifuta uso kwa lile taulo, akashika kofia yake na kutoka mbio bila kutupia kioo jicho. Aliamini kazi imekwisha. Kwani kinyozi gani, hata awe Nusu, angethubutu kumwacha baba mkwe wake nusu?

Kinyozi alipotoka na biti mkononi, kiti kilikuwa kinazunguka polepole, peke yake.

Mchana ule picha ya pamoja ya wastaafu ikasambaa kwenye simu za ukoo mzima. Mstari wa mbele, katikati, kifua mbele, alikaa baba mkwe. Upande wa kushoto wa masharubu alikuwa afisa. Upande wa kulia alikuwa na ufagio wa chooni. Na kwa kuwa maisha yake yote hakuwa mtu wa mzaha, hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila mmoja alidhani mwenzake atamwambia, mpaka mzee alipofika kwake akasimama mbele ya kioo kunawa uso.

Mama Pacha akaingia dukani, akaiweka simu kwenye rafu ya nyembe.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Baba yangu amepuliza tarumbeta mbele ya wakubwa tangu mimi sijazaliwa, na hajawahi kuchekwa. Leo shangazi zangu wote wanacheka. Hata yule asiyejua kusoma ametuma kikatuni kinachotoa machozi."

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Utakwenda. Na ukirudi utachagua. Ama unyoe, ama uchonge. Mimi nimechoka kuolewa na mtu anayekimbia ndani ya nyumba yake mwenyewe."

Akaenda jioni ileile. Alipobisha hodi, kutoka ndani ikasikika sauti ya mzee, ya kituo kama kawaida: "Mwambieni nimelala."

Kinyozi akarudi shingo upande. Njiani alijaribu kujiona bila mashine, akashindwa. Akajaribu kujiona bila viti vyake na gumzo la benchini, akashindwa pia. Ndipo likamjia wazo ambalo kwa kweli lilikuwa limemzunguka siku nyingi. Kwenye video alikuwa ameziona mashine za viwanda vikubwa zikibadilisha biti zenyewe: inakwenda kwenye rafu, inarudisha iliyotumika, inachukua nyingine, inaendelea na kazi, na hakuna mtu karibu. Kama ya kiwandani inaweza, hii yake imekosa nini?

"Nimechagua," alimwambia mkewe.

"Kipi?"

"Nitanyoa. Mashine itajihudumia."

Mama Pacha akarudi kwenye mshono wake. "Haya," alisema. Hiyo "haya" kinyozi aliijua. Ilikuwa na kamba, na kamba haikuwa ndefu.

Jaribio la kwanza alilifanya kwa kile alichokuwa nacho. Alifunga soketi kwenye kona ya meza, akaipanga programu hivi: kichwa kishuke, nati iingie kwenye soketi, mota izunguke kinyumenyume taratibu, nati ilegee. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la kujivunia. Lakini mota yake ilizoea mbio. Kwa mwendo wa taratibu haikuwa na nguvu hata ya kufungua chupa ya soda. Akaiongezea mwendo. Ikakwama, ikaguna, kisha nati ikachomoka, ikapasua pazia, ikapita katikati ya vichwa viwili benchini na kutua kwenye beseni la kuoshea nywele. Wateja wakainamisha vichwa.

"Nusu," alisema mmoja wao, "sasa unataka kutumaliza kabisa?"

Akaachana na soketi. Akaulizia huku na huku, mpaka akampata fundi samani aliyekuwa amenunua mashine mpya na kuweka ya zamani stoo. Ile ya zamani ilikuwa na kichwa cha aina nyingine kabisa. Fundi samani akamfungulia amwonyeshe. Ndani mlikuwa na fimbo ya chuma na rundo la springi nene, zilizobanana kama sahani kabatini. Springi hizo huvuta fimbo juu saa zote, na fimbo hushika kishikio cha biti, ambacho juu kimechongwa kama pia ya watoto ya kuchezea. Ukitaka kiachie, unasukuma upepo wa kompresa kwa juu. Upepo unazishinda springi, fimbo inashuka, kishikio kinadondoka.

"Kwa hiyo upepo ni wa kuachia," kinyozi alisema, "si wa kushika."

"Ndiyo. Umeme ukatike, upepo uishe, biti inabaki imeshikwa. Ila nikuambie kitu. Usije ukaruhusu upepo uingie kichwa kikiwa bado kinazunguka. Hicho kishikio kitatoka kama risasi."

Kinyozi akaikumbuka nati kwenye beseni. Walielewana, akaondoka amekumbatia kile kichwa kama mtu anayetoka hospitali na mtoto mchanga.

Duka lake halikufunguliwa Jumatatu, siku ya mapumziko ya vinyozi, kwa hiyo Jumatatu zote zikawa za kazi hiyo. Alitoboa, akakaza, akavuta nyaya. Aliweka kihisi kilichoiambia kompyuta kama kichwa kimesimama kabisa. Kisiposimama, valvu ya upepo haifunguki hata uibembeleze. Kwenye ukingo wa meza alipanga vibanio vyenye umbo la kiganja kilichokunjwa, kila kimoja kikishika kishikio kimoja na biti yake. Vibanio hivyo vilihitaji plastiki ngumu lakini yenye kunepa, na mahali pekee alipoiona plastiki ya namna hiyo palikuwa jikoni.

"Baba Pacha, umeuona ubao wangu wa kukatia mboga?"

"Upi?"

"Tuna mingapi?"

Alinunua mwingine kesho yake, bora zaidi, na hakuna aliyerudi kwenye mada hiyo.

Kwenye kona nyingine alifunga kitufe kidogo. Kila biti mpya ikishachukuliwa, mashine huishusha ikabonyeza kitufe kile kwa ncha, ikajua urefu wake. Karatasi ya kupimia ikaenda kwenye kapu la taka, na kinyozi alisimama akaitazama humo ndani kwa furaha ya mtu aliyemaliza kifungo.

Kilichobaki ni upepo. Mlango wa pili alikuwapo fundi wa matairi, mtu wa maneno mengi na kompresa kubwa. Kinyozi akamwomba avute mpira mmoja wa upepo kutoka kwake, naye akakubali bila hata kuuliza wa nini.

Siku ya kuijaribu aliwaita mkewe na fundi wa matairi washuhudie. Akabonyeza. Kichwa kikasafiri mpaka kwenye rafu, kikashusha biti nene kwenye kibanio chake, pshhh, kikaiacha. Kikainuka, kikasogea, kikashukia ya mviringo, kikaishika, kikaenda kubonyeza kitufe, kikarudi kwenye ubao na kuanza kuchonga kana kwamba kimekuwa kikifanya hivyo tangu kizaliwe. Fundi wa matairi akapiga makofi. Mama Pacha hakupiga, lakini aliinamisha kichwa kando kidogo, kama alivyofanya kila mteja wake alipovaa nguo ikamkaa.

"Tena," alisema.

Wakati huohuo nje pakasimama lori lenye gurudumu bapa, na fundi wa matairi akatoka kwenda kulijaza. Lori lile likanywa upepo wote uliokuwamo. Huku ndani kichwa kikafika kwenye rafu, kikaweka kishikio kibanioni, kikafungua valvu. Upepo ukaja wa kupuliza mshumaa. Springi hazikusikia lolote. Mashine, ikiamini kwamba imeachia, ikapanda juu kwa nguvu na biti yake, na kibanio, na kipande cha ukingo wa meza, vyote vikining'inia kama nguo iliyonaswa na mlango.

"Na meza nayo inapelekwa wapi?" Mama Pacha aliuliza.

Kinyozi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa kweli siku hiyo alitaka kulia. Mkewe akarudi kwenye cherehani yake. Lakini fundi wa matairi aliporudi na kuona uharibifu, alisikitika kwa dhati, maana lori lile lilikuwa la mteja wake.

"Ungeniambia kumbe mashine yako inakunywa kutoka kwangu," alisema. "Subiri." Akaenda nyuma ya kibanda chake, akarudi akibingirisha tangi la upepo lililotolewa kwenye breki za lori bovu. "Weka hili kwako, na valvu ya kuzuia upepo usirudi. Mimi nikijaza magurudumu, wewe una akiba yako."

Kinyozi akaliweka, na juu yake akaongeza swichi ya presha. Upepo ukipungua, mashine husimama na kungoja kwa adabu mpaka utoshe. Akachonga kibanio kingine. Ubao wa jikoni ulikuwa bado na nafasi.

Yote haya yakiendelea, baba mkwe hakukanyaga pale. Alikwenda kwa kinyozi mwingine, kijana wa muziki wa kelele, aliyempunguza upande wa pili na kumwachia kitu kama mkia wa panya. Mzee akavumilia mpaka vinyweleo vikaota tena, kisha Mama Pacha akaenda kumchukua mwenyewe. Alichomwambia hakuna anayekijua. Wakaingia dukani wawili, mzee mbele, macho ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema, kwa ile sauti ambayo watu huitumia kumjibu polisi wa barabarani. Akakaa. "Taulo usiniwekee. Leo nitaangalia."

Nyuma ya pazia jipya mashine ilikuwa inachonga mgongo wa kiti. Kinyozi alianza kazi upande wa kushoto. Biti ya kwanza ikamaliza. Hakukuwa na tiii. Kukasikika pshhh, kimya kidogo, tik ya kitufe, na mngurumo ukaanza upya. Mzee akageuza jicho moja, kinyozi hakugeuza hata hilo moja. Biti ya pili ikaja, ikamaliza. Pshhh. Tik. Ya tatu ikaanza kukata.

Mzee akainua kidole. "Huyo wa tatu yuko nje ya sauti."

"Nani, baba?"

"Huyo anayeimba sasa hivi huko nyuma. Wawili wa kwanza walikuwa sawa. Huyu anatetemeka, kama mpulizaji aliyekula kabla ya onyesho."

Kinyozi aliganda, mkasi hewani. Kila nyama ya mwili wake ilitaka kukimbia. Akajitazama kiooni, akamtazama mzee kiooni, masharubu yamekamilika upande mmoja tu, palepale pa zamani. Akapiga moyo konde. Akayamaliza. Alichukua muda wake, unywele kwa unywele, pande zote mbili, akampa mzee kioo cha mkononi ajikague kulia na kushoto.

Mzee akajikagua. Akashusha pumzi. "Sasa nenda kamtazame mgonjwa wako," alisema. "Na mimi nakuja."

Alikuwa amesikia sawasawa. Ubao ulikuwa na michirizi, mistari ya petali imejaa mawimbi. Kinyozi akasimamisha kila kitu, akaachia kishikio kwa mkono, akakizungusha, akakikagua mwangani. Hakikuwa na kosa. Akakirudisha, sasa kikaimba vizuri. Akajaribu mara nyingine, kikatetemeka tena. Mama Pacha naye akawa ameingia, wakasimama watatu wakiitazama mashine kama madaktari waliokwama.

"Mara inashika vizuri, mara vibaya," kinyozi alisema. "Kitu kilekile, mahali palepale. Sielewi."

Akakaa. Kwa mazoea, kama alivyofanya kila anapotoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, alichukua brashi yake kutoka mfukoni na kupangusa vinyweleo vilivyomng'ang'ania mkononi. Mkono ukasimama katikati. Akaitazama brashi. Akainuka, akachungulia chini ya kichwa, mle kishikio kinamoingia. Akapitisha kidole. Kilitoka na unga mwembamba wa mbao.

"Vumbi," alisema. "Ndivyo tu! Linakaa kwenye ile pia, kishikio kinaingia kimelala upande. Mimi siwezi kumkalisha mtu kwenye kiti chenye nywele za mwenzake, mbona huyu namfanyia hivyo?"

"Basi kipulize," mzee alisema. "Tarumbeta lenye mate halipigwi. Linapulizwa kwanza."

Lilikuwa jambo la mpira mwembamba mmoja na valvu moja ndogo. Kila kichwa kinapokuwa wazi, kabla hakijashika kishikio kipya, pumzi ya upepo inashuka kutoka ndani na kufagia njia. Sauti ikabadilika: pshhh, kisha fyu fupi, kisha tik. Mzee akakaa kwenye benchi siku ile nzima akiisikiliza, akipiga mapigo gotini kwa vidole. Biti zote zikapita, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja aliyoinulia kidole. Alipoaga alimshika mkwewe bega, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Tangu hapo kinyozi akamaliza kila kichwa alichokishika. Wateja walifurahi, kwa muda. Halafu wakagundua jambo ambalo hawakulitarajia: mtu ambaye zamani hakutulia kando ya kiti chao sasa alikuwa hapo mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa na la kusimulia. Alisimulia springi. Alisimulia swichi ya presha. Ilipolia pshhh aliinua wembe na kusema, "Sikiliza, sikiliza, sasa fyu," na mteja hakuwa na pa kukimbilia, shuka shingoni na povu kidevuni. Kuna aliyesema, nusu mzaha, kwamba enzi za spana angalau mtu alipata utulivu wa kufikiri mambo yake.

Naye Mama Pacha hakusema mengi. Siku moja aliingia nyuma ya pazia na mfuko wa vipande vya mbao nyepesi, mabaki ya masinia, akakaa mbele ya kompyuta. Alikuwa ameiangalia mashine ile kwa miaka kupitia ukutani na kwa spana, hakuna kilichomshinda. Akachora vifungo. Vya mviringo kwa koti la mteja wake mmoja, vya umbo la jani kwa gauni la mwingine, kila kimoja na matundu yake ya kupitishia uzi. Biti moja ya kukata umbo, moja ya kulainisha ukingo, moja nyembamba ya kutoboa. Enzi zile hakuna ambaye angethubutu kuhangaika hivyo kwa ajili ya kifungo. Sasa alibonyeza, akarudi kushona, na alipokuja kutazama vilikuwa vimejipanga kwenye ubao kama biskuti.

Wateja wake wakavipenda. Mafundi wengine wa cherehani wakaja kuuliza. Akaanza kuingia asubuhi, kisha na mchana.

Wiki iliyopita kinyozi alimaliza kichwa cha mwisho cha asubuhi, akafagia, akakunja shuka, akaingia nyuma na ubao wa kitanda begani, wa mteja aliyekuwa akiusubiri kwa hamu. Mashine ilikuwa inanguruma. Mezani vilijaa vifungo vilivyokatwa nusu.

"Mama Pacha," aliita ukutani. "Utamaliza saa ngapi?"

Cherehani ikanyamaza. "Kuna seti tatu bado. Halafu kuna za yule wa koti."

"Na mimi?"

"Weka ubao wako pale pembeni, Baba Pacha. Nikimaliza nitakuita."

Akauweka pale pembeni, akauegemeza ukutani vizuri usianguke. Akarudi mbele, akakaa kwenye kiti cha wateja, akakizungusha kidogo kwa mguu. Baba mkwe alikuwa benchini na gazeti lake.

"Zamu yako lini?" mzee aliuliza.

"Ameniambia nisubiri, baba."

"Basi subiri," mzee alisema, akafungua ukurasa mwingine.